Magurudumu mapana: kutoka Fungurume 1915 hadi kwa kwado wa Kolwezi

Kijana mwenye motokari ndogo ya mbio akifika kwa kwado wa Kolwezi na kuomba janti na mipira mipana, kwado mwenye uzoefu humuuliza kwanza: utapita wapi? Kwenye lami mpira mpana hushika vizuri na motokari haiyumbi kwenye kona. Kwenye udongo mwekundu wa masika mambo ni mengine.

Swali hilo lina umri kuliko mji. Kolwezi ilianzishwa mwaka wa 1937. Miaka 22 kabla ya hapo, upande wa mashariki, swali la gurudumu na uzito lilikuwa tayari limewatoa watu jasho.

Mwezi wa Agosti 1915 treni ilifika Fungurume ikibeba mashua mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi na uzito wa karibu tani 4 na nusu. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, kisha zikapanda kwa reli kupitia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Zilikuwa zinakwenda Ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Mkubwa wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, na wazo lilikuwa la mwindaji mmoja, John Lee. Tatizo ni kwamba wakati huo reli ilikomea Fungurume. Mbele kulikuwa na Milima ya Mitumba na zaidi ya kilometa 200 za pori hadi Sankisia, mahali ambapo reli nyingine fupi iliteremka mpaka Bukama.

Mashua zilipandishwa juu ya magari ya kukokotwa, na mbele zikafungwa injini mbili za mvuke. Injini za namna hiyo zilikuwa na magurudumu ya chuma, mapana sana upande wa nyuma, yenye vipande vya chuma vilivyopigwa mshazari ili yaume ardhi. Upana haukuwa urembo. Gurudumu jembamba hubana uzito wote mahali padogo na kuchimba kama jembe, lakini gurudumu pana huugawa uzito juu ya udongo.

Ila upana una mpaka wake. Daraja halijali upana wa gurudumu, kwa sababu hubeba uzito wote kwa pamoja. Njiani ilibidi kujenga madaraja zaidi ya 100 ya miti, na injini ziliteleza na kudidimia mara kwa mara. Kwenye miteremko mikali, ng'ombe wengi walifungwa pamoja, na kamba za chuma zikasaidia. Na injini za mvuke zinakunywa maji. Palipokosekana mto, wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuleta maji kwa vichwa, chombo baada ya chombo, ili chuma cha wageni kiendelee kutembea.

Majina ya maofisa yamo vitabuni. Ya wanawake hao, na ya wanaume waliokata miti, hayamo. Jamaa ambao leo wameondolewa mahali pao kwa ajili ya shaba na kobalti, kama wakaaji wengi wa Kasulo mwaka wa 2017, wanajua vizuri namna kazi kubwa inavyopita kijijini bila kuuliza jina la mtu.

Msafara ulifika Sankisia mwisho wa Septemba, baada ya wiki 6 hivi. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliteka meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Reli yenyewe ilifika Bukama mwaka wa 1918. Ile njia ilikuwa imekatwa kwa jasho miaka 3 kabla.

Motokari ya mbio ilikutana na mtihani huohuo huko Kenya. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mara nyingi wakati wa mvua ya Pasaka. Mwaka wa 1973 alishinda Shekhar Mehta kwa Datsun 240Z, motokari ya mbio kabisa, ya chini na ya watu wawili. Mehta alizaliwa Uganda, na jamaa yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka wa 1972. Alikuja kushinda tena mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Katika matope mazito, madereva wa mashindano ya namna hiyo hupenda mpira mwembamba wenye meno marefu: unakata ute wa juu mpaka ukute ardhi ngumu. Mpira mpana huelea juu yake, kama mtumbwi.

Ndiyo maana kwado haishii kwenye swali la njia. Huzungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, aone kama mpira unakwaruza bodi. Huangalia kama janti inatokeza nje sana, maana hapo beringi hubeba mzigo usio wake na kufa mapema, na usukani huwa mzito. Kisha hutazama upande wa barabara ya migodi, kwenye malori yenye magurudumu pacha nyuma, na kumwambia kijana arudi mvua zikiisha.