Reli ya Kusini Iliyong'olewa

Shule yetu hapa Kunduchi haina kengele ya shaba. Kengele yetu ni kipande cha reli, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kilichotundikwa kwa mnyororo katika tawi la mwembe. Mtoto wa zamu hukipiga kwa nyundo, na sauti yake yafika hata pwani kwa wavuvi. Siku moja watoto wa darasa la tano walituuliza, "Mwalimu, reli hii imetoka wapi? Hapa hapapiti gari la moshi." Swali lao lilikuwa la haki. Kunduchi ni mji wa kale, una makaburi ya mawe yenye nguzo, ambayo wazee wa zamani waliyapamba kwa sahani za Kichina. Una ngalawa na mashamba ya chumvi. Lakini njia ya reli ambayo Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ilitupa kisogo, ikashika njia ya Pugu na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa amekaa chini ya mwembe ule akimngojea mjukuu wake. Amezaliwa upande wa Masasi, akaja huku ujanani kutafuta kazi, asirudi tena. Alipolisikia swali la watoto akasema, "Mwalimu, kwetu reli ilipita. Nilipokuwa mtoto nililiona gari la moshi kwa macho yangu. Kisha watu wakaja wakaing'oa, wakaenda nayo. Mpaka leo sijaambiwa sababu." Tulimwahidi kumtafutia jibu. Hayo tuliyoyapata ndiyo tunayoyaandika hapa, maana twaona mzee huyu si peke yake mwenye swali hilo.

Habari yenyewe yaanzia mbali, jikoni mwa watu wa Ulaya. Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Siagi na mafuta vilipimwa kwa vijipande, kila nyumba na fungu lake. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ikamtuma Bwana John Wakefield na wenziwe kuitazama nchi, nao wakazunguka kwa muda wa miezi michache tu, wakarudi na taarifa njema. Mwanzo wa mwaka 1947 shauri likapitishwa. Mashamba yawe 107, kila moja eka 30,000. Na katika hayo 80 yawe Tanganyika. Msomaji aangalie vema hesabu hii: katika yale 80, mashamba 55 yalitazamiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, nchi ya Nachingwea. Kongwa, ambako kazi ilianzia na ambako jina lake ndilo lililovuma, ilikuwa na fungu dogo tu. Moyo wa mpango wote ulikuwa kusini.

Wakubwa walitumaini kupata tani 600,000 za karanga kwa mwaka baada ya miaka michache. Tuliwapa watoto wetu hesabu hiyo waifanye ubaoni: kama gari moja la barabara huchukua tani 5, yatakiwa safari ngapi? Wakapata safari 120,000, wakacheka. Barabara za kusini wakati ule zilikuwa za udongo, na masika yalipoingia zilikuwa matope matupu. Tena bandari ya Lindi haikuweza kupokea meli kubwa ukutani. Dar es Salaam nayo ilikuwa imekwisha kusongwa na shehena za Kongwa. Meli zilitia nanga katikati ya maji zikashushia mizigo katika matishari, na Septemba ya mwaka 1947 wachukuzi wa bandarini wakagoma kwa ajili ya mishahara, na mgomo ule ukapanda bara kwa kuifuata reli. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba wenye mpango walitaka bandari mpya na reli mpya, mbali na hapa.

Bandari ikachaguliwa Mtwara, mahali penye maji ya kina kirefu karibu na mji wa kale wa Mikindani. Lakini kujenga gati ni kazi ya miaka, na matrekta hayakuweza kungoja. Basi reli ikaanzia mahali pa muda, Mkwaya, kwenye mkono wa bahari unaoingia bara kutoka Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Baadaye njia ya kutoka Mtwara ikajengwa, ikakutana na ile ya kwanza mahali paitwapo Ruo. Gati la Mtwara lenye nafasi ya meli 2 lilifunguliwa mwaka 1954, na hapo Mtwara iliitangulia Dar es Salaam, ambayo ilipata magati yake ya kina mwaka 1956. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilikuwa safari ya maili 130 hivi. Tawi dogo likachepuka kwenda Masasi, nalo ndilo alilolikumbuka mzee wetu.

Wakati huo huo karanga zilikuwa zimekwisha kushindwa. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi mwingi. Wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama sakafu, hata karanga hazikuweza kung'olewa. Mvua zilikuwa haba. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Hatuna budi kusema wazi kwamba watu waliokuwa wakiishi katika nchi ile, wanaoijua mvua yake, hawakuulizwa sana. Januari ya mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imeuacha mpango ule mkubwa, na fedha zilizofutwa katika vitabu zilipita pauni milioni 36. Nachingwea pakabaki mashamba ya kujaribia, machache kuliko yale 55.

Reli ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi tu, na gati la Mtwara lilikuwa bado linajengwa. Wafanye nini? Waliendelea kujenga mpaka wakamaliza. Wengine huwacheka kwa jambo hilo, lakini sisi hatuwacheki. Chuma kilikuwa kimekwisha kuletwa, na watu wa kusini walikuwa na haja ya njia. Shida ilikuwa nyingine, nayo huonekana mtu akijua jinsi reli inavyofanya kazi.

Njia moja ya reli ni kama daraja la mti mmoja: wawili wakikutana katikati, hakuna wa kupisha. Kwa hiyo dereva haondoki stesheni mpaka mkuu wa stesheni amepata jibu kutoka stesheni ya mbele kwamba njia ni tupu, akampa ruhusa mkononi. Kila stesheni yataka mtu macho, mchana na usiku gari likiwa njiani. Gari la moshi hunywa maji kama ng'ombe, basi matangi yawekwe kila baada ya maili kadhaa, na pampu zake ziangaliwe. Magenge ya wafanya kazi hupita njiani siku zote, wakikaza misumari, wakibadili mataruma yaliyoliwa na mchwa, wakifyeka nyasi, wakizibua makalbi kabla ya masika, kwa maana tuta lililokatika usiku huua. Kazi zote hizi hazipungui kwa sababu mzigo umepungua. Gari likipita na mabehewa 20 yaliyojaa, au likipita na mabehewa 2 na kuku wa abiria, mshahara wa genge ni ule ule.

Ndiyo maana reli hutaka mzigo mwingi, tena wa kwenda na wa kurudi. Reli ya Kusini ilianza kwa mizigo ya kupanda tu: matrekta, mafuta, saruji, mabati. Karanga zilizotazamiwa kuteremka hazikuja. Mpango ulipokufa, hata mizigo ya kupanda ikapungua. Yalibaki mazao ya wakulima wadogo, nayo wakati huo hayakutosha.

Na ilikuwa na kilema kingine, ambacho kwa maoni yetu ndicho kilichoiua. Reli hii haikuungana na reli nyingine yoyote duniani. Twaiita tawi, lakini lilikuwa tawi lisilo na shina. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika ya Mashariki. Gari likiharibika Tabora, lingeweza kuvutwa mpaka karakana kubwa, na lingine likatumwa badala yake. Kule Mtwara kila kichwa cha gari na kila behewa lilikuja kwa bahari. Lilipopatwa na ugonjwa mkubwa ilikuwa ni kupakia tena melini, au kulia na lililoharibika. Nao waliopiga hesabu za hasara walikaa Nairobi, mbali sana na Masasi.

Tunaweza kulipima neno hili kwa kutazama ndugu yake. Mwaka 1950 tawi jingine lilifunguliwa, kutoka Kaliuwa katika Reli ya Kati kwenda Mpanda. Urefu wake ulikuwa karibu sawa na ule wa Mtwara na Nachingwea, maili 130 hivi. Nalo lilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja, madini ya risasi ya Mpanda. Mwaka 1960 machimbo yale yakafungwa. Mtu angetazamia reli ya Mpanda ife pamoja nayo. Haikufa. Imebebwa na shina lake. Mabehewa ya Tabora yaliendelea kuingia, watu wakasafiri, mahindi na tumbaku vikapakiwa, na mpaka siku zetu hizi gari la abiria hutoka Tabora kwenda Mpanda. Tawi lile dogo la kutoka Msagali kwenda Kongwa, kinyume chake, lilifungwa ijapokuwa lilikuwa na shina, kwa hiyo hatusemi kwamba shina peke yake latosha. Lakini Kongwa si mbali na Reli ya Kati, wala hapakuwa na mji mkubwa mwisho wake.

Reli ya Kusini ilifungwa mwanzo wa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa changa katika uhuru wake. Reli zikafunguliwa, zikaondolewa. Tuta likabaki, nyasi zikalifunika.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Wakati reli inang'olewa, wakulima wa Mtwara, Newala, Masasi na Lindi walikuwa wamekwisha kupanda mikorosho kwa wingi, tena kwa majembe yao wenyewe, bila trekta wala taarifa ya kamati. Mkorosho hauzai vizuri mpaka miaka kadhaa ipite. Katika msimu wa 1973 na 1974 nchi yetu ilipata tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ya hizo ilitoka kusini. Mzigo ule wa kuteremka bandarini, ambao reli iliukosa tangu siku ya kwanza, ulikuwa umetokea, lakini reli ilikuwa imekwisha kuondoka miaka kumi nyuma. Korosho zikapita barabarani kwa malori, katika barabara zile zile.

Mtu mwenye haki ataongeza kwamba korosho nazo ziliporomoka baadaye. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 wengi waliiacha mikorosho yao mbali, bei zikawa mbaya, ugonjwa ukaingia mitini, na mwisho wa miaka ya 1980 mavuno ya mwaka hayakufika hata tani 30,000. Huenda reli ingepata hasara tena. Hata hivyo reli iliyolala yaweza kuamshwa, kama tulivyoona kwingine. Iliyong'olewa hujengwa upya tangu tuta hadi msumari. Na kusini ililipa gharama yake kwa njia nyingine: kwa miaka mingi msafiri wa Dar es Salaam aliyekuta mto Rufiji umejaa alilala pale Ndundu kukingoja kivuko, siku moja au juma zima, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003.

Mashamba ya Nachingwea nayo yalipata kazi ambayo Bwana Wakefield hakuiota: katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji walifanyia mafunzo yao huko, kama vile wengine walivyofanya Kongwa.

Tulimweleza mzee wetu haya yote jioni moja barazani kwake. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akatuuliza habari za shauri la siku hizi la kujenga reli kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ambalo alikuwa amelisikia redioni. Tukamwambia kwamba shauri hilo lipo, na kwamba linatazamiwa kuchukua makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

"Makaa ya mawe," akasema mzee. "Na korosho je, Mwalimu? Wameziandika?"