Chapa ya Kitako, si Muhuri

Mtu akirithi kabati la vyombo la marehemu bibi, buli la kwanza analolishika hulipindua. Chini kuna jina, nembo, pengine namba. Wapo wanaoiita alama hiyo muhuri, na hapo ndipo ninapokataa. Hati iliyopigwa muhuri imekubaliwa na mwenye mamlaka. Alama ya chini ya sahani haijakubaliwa na yeyote, inadai tu. Ndiyo maana nasema chapa ya kitako. Chapa ni mambo ya biashara, na biashara ina wakweli na matapeli.

Chapa nyingine hubonyezwa kwenye udongo mbichi. Nyingine huchapwa kwa rangi, kisha hufunikwa na rojo inayogeuka kioo tanurini. Nyingine hupigwa juu ya kioo hicho. Pitisha ukucha: iliyo chini ya kioo hutaihisi kabisa, iliyo juu hukwaruza kidogo. Hii ya juu si lazima iwe ya bandia, kwani wapo wachoraji walionunua vyombo vyeupe viwandani wakaweka chapa zao baadaye. Ila ndiyo rahisi kupigwa leo asubuhi.

Maneno ya chapa hudokeza umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka, ndiyo maana “England” imejaa kwenye vyombo vya kuanzia 1891. Wajapani waliandika “Nippon” hadi 1921, forodha ya Marekani ilipodai “Japan”. Huku kwetu, mabakuli ya maua ya Lamu na Unguja mara nyingi yana chapa za Maastricht, Uholanzi: sfinksi aliyelala wa Petrus Regout, au jina la Société Céramique. Viwanda hivyo viliungana 1958, basi jina la Société Céramique likiwa peke yake, yaelekea bakuli ni la kabla ya hapo.

Ukimaliza kusoma, tazama duara ambalo chombo hulikalia. Miaka ya kuburutwa mezani huacha mikwaruzo ya kila upande, na uchafu umeingia ndani yake. Mikwaruzo ya msasa wa tapeli huenda upande mmoja, nayo haina uchafu.

Kiwanda cha McCoy cha Ohio, maarufu kwa vyombo vya kauri vya kuwekea biskuti, kilifungwa 1990. Muda si muda mtu mmoja wa Tennessee akawa anatoa vyombo vyenye jina la McCoy, vingine vya maumbo ambayo kiwanda hicho hakikuwahi kuyatengeneza. Kwa nakala za vyombo halisi, rula hufaa kuliko miwani. Kalibu ikitolewa kwenye chombo halisi, udongo mpya hunywea ukikauka na kuchomwa, nakala ikatoka fupi kuliko mama yake, pengine kwa sentimita moja au mbili. Vipimo vya vyombo halisi vimo kwenye vitabu vya wakusanyaji. Pima kimo kabla ya kutoa pesa.