Kyela bado ni nchi ya neema? Stori ya ardhi iliyobarikiwa na vijana wanaosepa

Ingia soko lolote la Dar, Tandika au Tandale, ulizia mchele. Muuzaji hata hajamaliza kukutazama ashakujibu: "Huu wa Kyela boss, unanukia huo!" Geukia gunia la jirani yake, nalo la Kyela. La tatu, Kyela. Mchele umetoka Usangu au Ifakara huko, lakini ukifika sokoni unapewa jina la Kyela ili uuzike.

Sasa cheki huku upande wa pili. Panda basi linalotoka Kyela mjini alfajiri kwenda Mbeya. Siti za nyuma zimejaa vijana wa miaka 19, 20, 22. Begi moja, simu, na namba ya ndugu aliyeko Tunduma, Dar au Sauzi. Wanaondoka kwenye ardhi ambayo jina lake peke yake ni pesa.

Inakuwaje mtu anaikimbia neema?

Australia nao wana swali hilo hilo

Kabla ya kushuka Kyela, tupite Australia kidogo, maana kuna kitu cha kujifunza. Mwaka 1964 mwandishi mmoja wa huko, Donald Horne, alitoa kitabu kilichoipa Australia jina la "nchi yenye bahati". Watu wakalipenda jina hilo, wakalitumia kwenye hotuba na matangazo kama sifa. Kumbe mwenyewe alikuwa anawasema! Hoja yake ilikuwa kwamba nchi inaishi kwa bahati tu, ina madini na ardhi ya kutosha, huku wanaoiongoza ni watu wa kawaida ambao hawakuumiza kichwa kuupata utajiri huo.

Miaka 60 baadaye vijana wa Australia wanauliza kama bahati hiyo bado ipo. Mzee aliyenunua nyumba Sydney zamani kwa bei ya kawaida leo amekalia utajiri. Mjukuu wake ana kazi, ana mshahara mzuri, lakini nyumba anaiona kwenye picha tu. Nchi ni ile ile. Tofauti ni nani aliwahi kufika.

Shika hilo neno: *aliwahi kufika*. Twende Kyela nalo.

Kijana wa miaka 21 aliyeshika mdomo

Mwaka 1879 msafara wa Waingereza ulitoka pwani kuelekea maziwa ya kati. Kiongozi wake alifia njiani, Behobeho. Aliyebaki kuuongoza alikuwa Mskoti wa miaka 21 tu, Joseph Thomson. Alipovuka milima na kushuka upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, alichokiona kilimfanya aandike kama mtu aliyefika peponi: migomba mpaka jicho linapochoka, nyumba safi za mianzi na udongo, ng'ombe walionona, watu wenye afya.

Hakuwa anatia chumvi. Jiografia ya pale ni kama ilipangwa. Kaskazini kuna Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, na volkano nyingine jirani zilizomwaga majivu kwa maelfu ya miaka. Mashariki kuna ukuta wa safu ya Livingstone. Upepo wenye unyevu wa ziwa unagonga milima hiyo na mvua inamwagika, kwa mwaka zaidi ya milimita 2,000, wakati Dodoma wanaokoteza kama 600. Halafu mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inakomba udongo ule mweusi wa milimani na kuutandaza kwenye tambarare ya Kyela. Mkulima analetewa mbolea na maji mpaka mlangoni, bure.

Ukiongeza ziwa lenye kina cha karibu mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, unaelewa kwa nini wazee wa Kinyakyusa hawakuwa watu wa kuhamahama.

Lakini neema inavuta watu

Mahali pazuri huwa hapaachwi salama. Miaka ya 1870 na 1880 Wasangu walivamia kutoka kaskazini wakitafuta ng'ombe. Upande wa pili wa mto Songwe, Karonga, mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi aliwageukia Wangonde, ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wanyakyusa. Mwaka 1887 watu wake waliwachomea moto Wangonde waliokuwa wamejificha kwenye matete ya ziwani. Mlozi alikuja kunyongwa mwaka 1895, ila waliokufa ziwani hawakurudi.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walipanda kutoka ziwani na kuanza kujenga. Serikali ya Kijerumani ikaja nyuma yao, na ilipofika ikataka kodi kwa kila nyumba, tena kwa fedha taslimu. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Ndizi unazo, maziwa unayo, samaki yupo, lakini mkoloni hapokei ndizi. Kwa hiyo kijana mwenye shibe alilazimika kutoka nyumbani kutafuta sarafu.

Miaka ya 1930 alienda kwa miguu mpaka machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Baadaye njia ikawa ndefu zaidi: migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kupitia wakala wa ajira ambaye wazee mpaka leo wanamwita Wenela. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ilifunga mlango wa Wenela. Kwa hiyo lile basi la alfajiri sio jambo jipya hata kidogo. Babu naye alisepa.

Kitu ambacho babu alikuwa nacho

Hapa ndipo stori inaponoga, mtu wangu. Babu alisepa, lakini alikuwa na pa kurudi.

Kati ya 1934 na 1938 mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi kwa Wanyakyusa wakiandika maisha yao. Walikuta jambo ambalo halikuonekana kwingi duniani: vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja alitoka kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga kibanda pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kulala ni kwao. Wakikua wanaoa hapo hapo, na kile kibanda cha watoto kinakuwa kijiji kamili.

Maisha hayo yalikuwa na neno lake: *ukwangala*. Maana yake ni kukaa pamoja kwa raha, kula, kunywa na kupiga stori na watu wa rika lako. Yaani bata, lakini bata ambalo ni wajibu. Ukichinja ng'ombe ukala peke yako, majirani wakinung'unika iliaminika kwamba pumzi yao inakupiga unaumwa. Uchoyo ulikuwa ugonjwa kweli kweli.

Na kulikuwa na siku kubwa, *ubusoka*, "kutoka". Vijana walipokuwa watu wazima, wenye miaka thelathini na kitu, wazee wao walikabidhi. Watoto wa chifu walitangazwa kuwa viongozi, ardhi ikagawanywa upya, na wazee wakasogea pembeni kuwapisha. Haikuwa hisani ya baba mmoja mmoja. Ilikuwa sheria ya nchi, na kila kijana alijua siku yake inakuja.

Tusidanganyane lakini, haikuwa pepo. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee walijiolea wake wengi wakati vijana wanasubiri mpaka ndevu zinaota vizuri. Wasichana waliolewa wadogo na hakuna aliyewauliza. Neema ilikuwa na wenyewe hata enzi hizo. Ila angalau ilikuwa na tarehe ya kukabidhiwa.

Mti ulioua ubusoka

Nini kiliua utaratibu huo? Dini mpya na shule zilichangia, serikali ya kikoloni ilichangia, watu kuongezeka nako kulichangia. Ila kuna muuaji mmoja mkimya ambaye watu hawamtaji: mti.

Ndizi na mahindi havikufungi sana sehemu moja. Lakini kahawa ilipoingia milimani Rungwe kama zao la biashara, mambo yalibadilika. Mti wa kahawa unakaa miongo. Mtu aliyepanda hawezi kuamka asubuhi akamwachia kijana shamba eti kwa sababu siku imefika. Huku chini Kyela mpunga nao ukawa pesa, na mbuga nzuri ya mpunga ikapata mwenyewe wa kudumu. Kufikia miaka ya 1950 vijiji vya rika vilikuwa vinakufa. Ardhi iliacha kuwa ya rika, ikawa ya fulani.

Halafu ikaja kakao. Leo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na majirani zake wa Rungwe na Busokelo. Inapenda joto, mvua na kivuli, na Kyela ina vyote vitatu. Unapasua tunda, unavundika mbegu karibu wiki, unaanika, unapeleka ghalani, zinauzwa kwa mnada. Mti ukitunzwa unazaa kwa miaka ishirini, thelathini, na kuendelea.

Mwaka 2024 kakao iliishtua dunia. Ghana na Ivory Coast, wanaozalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, walipigwa na magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa. Bei ya dunia ikapaa mpaka zaidi ya dola 12,000 kwa tani Desemba ile. Kyela ikachangamka! Bati jipya, bodaboda mpya, ada zikalipwa. Mwaka uliofuata bei ikashuka karibu nusu. Na hakuna mtu wa Kyela aliyepandisha wala kushusha. Walisikia tu, kama wanavyosikia utabiri wa mvua.

Sasa jiulize: nani alifaidi ule mwaka wa neema? Mwenye miti. Na mwenye miti ni nani? Mara nyingi ni mzee, au mtoto wa mzee aliyewahi. Kijana wa miaka 20 kazi yake ilikuwa kuvuna kwa kibarua, kubeba magunia, au kukesha shambani wezi wasivune. Wapo walioshindwa kusubiri, wakamuuzia mlanguzi kakao mbichi usiku kwa bei ya kutupa, tena kakao ya baba yao wenyewe. Watu wanawaita wezi, na ni wezi kweli. Lakini zamani kijana wa Kyela hakuwa na haja ya kumwibia baba yake kitu ambacho siku ya ubusoka angepewa hadharani, watu wakipiga vigelegele.

Mwanamke ndiye anasubiri zaidi. Nenda Matema uwaone akina mama wa Kikisi wa Ikombe, wafinyanzi ambao vyungu vyao vimesafiri ziwa zima kwa mitumbwi tangu enzi za mabibi zao. Pesa ya chungu ni yake, inatoka kwenye mikono yake. Lakini ukigusia shamba la kakao, jina linalotajwa ni la mume, kaka au shemeji.

Kwa hiyo, bado ni nchi ya neema?

Udongo bado upo. Mvua bado inanyesha, wakati mwingine kupita kiasi. Songwe inafurika, inahama njia yake, na kwa kuwa ndiyo mpaka na Malawi, inaacha watu wakibishana shamba liko nchi gani. Samaki aina ya mbasa, anayepanda mtoni kutaga mayai, amepungua mno kwa sababu wavuvi wanamtegea mlangoni kabla hajafika. Bado, ukilinganisha na sehemu nyingi za Tanzania, Kyela imebarikiwa. Hakuna ubishi hapo.

Lakini neema ya udongo ni nusu ya stori. Nusu nyingine ilikuwa ule utaratibu wa kizazi kimoja kusogea ili kingine kikae. Wanyakyusa waliwahi kuwa nao, ukafa bila kuzikwa rasmi, na hakuna kilichowekwa badala yake. Ndiyo maana kijana wa Kyela na kijana wa Sydney, wasiojuana kabisa, wana kilio kimoja: wamezaliwa kwenye nchi tajiri wakakuta viti vyote vimekaliwa.

Ubusoka wa zamani hauwezi kurudi kama ulivyokuwa, na mabinti wa leo wasingekubali urudi hivyo. Ila ekari moja iliyokatwa mapema na kuandikwa jina la mtoto, wa kike au wa kiume, mzee akiwa bado hai na ana nguvu, inawezekana hata wiki hii. Haihitaji mfadhili. Haihitaji bei ya kakao ipande London.

Kesho alfajiri basi litajaa tena. Mzee mmoja atamsindikiza mwanae mpaka stendi, atamnunulia maji na kumpa hela ya kula njiani. Nyumbani ameacha ekari tano za kakao, na hakuna hata mti mmoja ambao amewahi kumwambia dogo, "Huu ni wako."

Wewe mwenye kwenu Kyela, Rungwe au popote penye neema: mshua ameshakuonyesha mpaka wako, au bado unasubiri?