Mwanasosholojia wa Manjacaze katika Darasa la Oberlin

Katika simulizi za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, jina la Dk. Eduardo Mondlane huandamana na bunduki. Hutajwa FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita vilivyoanza Cabo Delgado Septemba 1964, na bomu la kifurushi lililomuua Oysterbay, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969. Lakini mtu huyu alikuwa mwanasosholojia kabla ya kuwa kamanda wa harakati, na kwa maoni yangu historia yetu imeipa nafasi ndogo mno elimu hiyo, ambayo sehemu yake muhimu aliipata katika chuo kidogo cha jimbo la Ohio, Marekani.

Njia ya kufika huko ilikuwa ndefu. Mondlane alizaliwa mwaka 1920 karibu na Manjacaze, mkoa wa Gaza, mtoto wa chifu, akachunga mifugo, kisha akasoma kwa Wamisionari wa Uswisi. Msumbiji ya Wareno haikuwa na chuo kikuu, kwa hiyo alivuka kwenda Afrika Kusini, akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusoma sayansi za jamii. Serikali mpya ya makaburu ilimfukuza nchini mwaka 1949. Mwaka uliofuata alikwenda Lisbon, akakutana na Amílcar Cabral na Agostinho Neto, viongozi wa baadaye wa ukombozi katika makoloni mengine ya Ureno, huku askari kanzu wa Ureno wakimfuatafuata. Ufadhili wa masomo kutoka Marekani ndio uliomtoa hapo. Mwaka 1951 akaingia Chuo cha Oberlin akiwa na miaka 31, miongoni mwa vijana waliomaliza sekondari juzijuzi.

Oberlin haikuwa mahali pa kawaida. Chuo kilianzishwa mwaka 1833, na miaka miwili baadaye kiliamua kupokea wanafunzi weusi, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini. Wanawake walianza kupata shahada hapo mwaka 1841, na mwaka 1862 Mary Jane Patterson akahitimu, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani anayejulikana kupata shahada ya kwanza. Mwaka 1858 wakazi wa mji na wanafunzi walimwokoa mtumwa mtoro, John Price, kutoka mikononi mwa waliomkamata, na baadhi yao wakafungwa kwa kitendo hicho.

Vyuo vidogo kama Oberlin havina umati wa wanafunzi wa uzamivu. Profesa mwenyewe ndiye anayefundisha wa shahada ya kwanza, darasa ni dogo, na mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya wenzake: atasoma, ataandika, ataulizwa. Anasoma pia masomo mengi nje ya fani yake. Mondlane alipofika, sosholojia na anthropolojia zilikuwa na walimu kama George Eaton Simpson, aliyefanya utafiti Haiti, na J. Milton Yinger. Mwaka 1953, ule ule Mondlane aliohitimu, wawili hao walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ubaguzi na makundi ya wachache, ambacho kilitumika vyuoni kwa miongo kadhaa.

Manjacaze na Johannesburg zilikwisha kumfundisha ubaguzi ni nini. Hilo hakulihitaji kutoka kwa profesa yeyote. Sosholojia ilimpa namna ya kuuthibitisha. Ureno ilijigamba duniani kwamba haina ubaguzi wa rangi, kwamba Mwafrika yeyote aliyestaarabika huhesabiwa Mreno kamili. Katika kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka 1969, Mondlane hajibu kwa matusi. Anachukua takwimu za wakoloni wenyewe na kuwauliza: baada ya karne zote hizo, mbona sensa ya 1950 iliwapata Waafrika wasiofika 5,000 wenye hadhi hiyo, kati ya takriban milioni 5.7? Hoja ya namna hiyo haizimiki kwa hotuba.

Kutoka Oberlin alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, akapata uzamivu mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa katika masuala ya nchi zilizo chini ya udhamini, akafundisha anthropolojia Syracuse, kisha mwaka 1963 akaacha uprofesa na kuhamia Dar es Salaam.

Hapo mjini yeye na mkewe, Janet, walijenga Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi. Na hapo ndipo swali la elimu lilipomrudia kwa ukali. Wanafunzi wengi walitamani ufadhili wa ng'ambo, kama alioupata yeye. Msimamo wa Mondlane na FRELIMO ulikuwa kwamba aliyesoma kwa jasho la harakati arudi kwanza kuihudumia ndani ya Msumbiji, awe mwalimu, mganga au mpiganaji. Wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa wakisoma Marekani walimpinga kwa maandishi, na Machi 1968 fujo zilizuka katika Taasisi yenyewe hadi ikafungwa. Naamini alikuwa na haki kudai hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulitimiza dai hilo. Lakini vijana wale nao hawakuwa wasaliti. Walitaka mlango uliokuwa wazi kwake usifungwe mbele yao. Mondlane hakuishi kuona shule ya sekondari ya FRELIMO ikianza upya Bagamoyo mwaka 1970.