Linux ni nini, na inaweza kusaidia nini huku kwetu Masisi?

Wakaaji wengi wa Bweremana, Minova na Sake wanatumia Linux kila siku bila kujua. Telefoni yoyote ya Android, iwe Tecno, itel ao Samsung, kiini kinachoiendesha ni Linux. Lakini kwenye kompyuta za biro, za masomo na za nyumba za fotokopi, wengi wetu tunajua Windows peke yake, na mara nyingi ni Windows ya kopi, ile vijana wanaita "krake". Habari hii inaeleza Linux ni kitu gani, inaweza nini na haiwezi nini, hapa kwetu ambapo umeme ni wa shida na jina la mtu likianguka katika mikono mibaya linaweza kumgharimu maisha.

Ilitoka wapi?

Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo wa kompyuta ambao kila mtu ataweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Aliuita GNU. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Ufini, akatoa kiini kilichokuwa kinakosekana: Linux. Viwili hivyo vikaunganishwa, na leo watu wa inchi nyingi wanaendelea kuvitengeneza pamoja.

Sisi tunaosoma Kifaransa tunajua tofauti ya "libre" na "gratuit". Programu huru ni libre: una haki ya kuifungua, kuona inafanya nini, na kumpa jirani kopi. Nyingi ni za bure pia, lakini msingi ni ule uhuru.

Afrika haiko nje ya hadisi hii. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, mojawapo ya Linux zinazojulikana zaidi. Jina hilo ni utu wetu wa Kiswahili. Na wanaosema Kinyarwanda watakumbuka "ku buntu", maana yake bure. Mwaka ule ule, chuo kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kufanya hesabu, yote kwa Kiswahili.

Kopi ya krake nayo inalipisha

Leseni ya Windows inapita dola 100. Ndiyo maana watu wanachukua krake, na si ajabu. Lakini aliyeivunja kufuli anaweza kuwa ameweka kitu chake ndani, na wewe hutaona. Tena, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani. Machini za okazyo zinazofika huku kutoka Goma na Bukavu nyingi ni za namna hiyo. Linux inaweza kuziongezea miaka. Linux Mint inaomba memori ya giga 2 kwa uchache, na inaenda vizuri zaidi na giga 4. Kuikopia na kumpa mwingine si wizi: sheria yake yenyewe inaruhusu.

Virusi vya flashi

Hii ni shida ya kila nyumba ya fotokopi. Mteja analeta flashi, unaifungua, dosye zote zimegeuka njia za mkato. Analia kwamba mémoire yake imepotea. Mara nyingi haijapotea, virusi vimeificha tu. Ukiweka flashi ile kwenye kompyuta ya Linux, virusi vile vya Windows havitembei, na dosye zilizofichwa kwa kawaida zinaonekana. Unakopia kazi ya mteja pembeni, unafuta yale mengine, unamrudishia. Lakini angalia: Linux haisafishi flashi yenyewe peke yake. Usipofuta, ikirudi kwenye Windows ugonjwa unaanza upya.

Umeme mdogo, mega kidogo

Programu huru nyingi zinafanya kazi bila intaneti. LibreOffice inaandika na kufanya hesabu, na inafungua dosye za Word na Excel. VLC inacheza video na miziki. Audacity inakata na kupanga sauti, hata redio inaweza kufanya montaje nayo. OsmAnd na Organic Maps zinaonyesha njia kwenye telefoni baada ya kupakua karata mara moja.

Kwa walimu, kitu cha kwanza kujua ni Kiwix. Inaweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta ao telefoni. Ya Kifaransa pamoja na picha zake inaomba giga nyingi. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayokula wati chache tu na kutembea na pano ya jua na batri, inaweza kugawa Wikipedia hiyo kwa Wi-Fi katika darasa, bila mwanafunzi kulipa mega hata moja.

Kutotegemea intaneti kuna maana ingine. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika inchi yetu karibu siku 20. Aliyekuwa na kazi yake ndani ya machini aliendelea. Aliyekuwa ameiweka yote mbali, alingoja.

Majina ya watu

Hapa ndipo jambo linakuwa zito. Biro ya mtaa, shirika la kina mama, kanisa, kituo cha afya, redio: wote wanashika orodha. Wakimbizi wa ndani na hema zao, wagonjwa, mama waliotendewa jeuri, sauti za mashahidi. Kompyuta ikiibiwa ao kushikwa njiani, neno la siri la kawaida la Windows halizuii kitu: mtu anatoa diski, anaifunga kwenye machini ingine, anasoma yote. Linux nyingi, wakati wa kuziweka, zinauliza kama unataka kufunga diski nzima kwa maneno ya siri. Ukikubali, diski bila maneno yale ni uchafu usiosomeka.

Kwenye telefoni, Signal inafunga ujumbe toka kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji, na inaweza kuufuta yenyewe kisha muda uliouchagua. WhatsApp nayo inafunga ujumbe, lakini ni mali ya Meta na kodi yake haiko wazi kuchunguzwa. Briar inaweza kupitisha ujumbe kwa Bluetooth ao Wi-Fi kati ya telefoni zilizo karibu, hata intaneti ikikatwa.

Wengi wameona maajenti wakiandika majina kwa telefoni katika kambi. Mara nyingi wanatumia KoboToolbox, programu huru iliyotoka kwa watafiti wa chuo kikuu cha Harvard. Programu kuwa huru haimaanishi majina yako salama: inategemea nani anashika data na kwa muda gani. Una haki ya kuuliza: haya ni ya nini, nani atayaona, yatafutwa lini? Kodi ya numérique ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya data za watu.

Yale Linux haiwezi

Haimlindi mtu aliye mbele ya silaha anayelazimishwa kusema neno la siri. Kinga ya kwanza ni kutotembea na orodha usiyoihitaji. Pia, ukisahau maneno ya diski iliyofungwa, hakuna fundi wa Goma atakayeifungua. Programu zingine za uhasibu na imprimanti zingine hazikubali Linux. Na fundi wa Linux huku kwetu ni wachache, hivi anayejifunza asibaki na maarifa peke yake.

Namna ya kuanza

1. Kopia kazi zako zote pembeni mbele ya kugusa kitu.
2. Anza na programu huru ndani ya Windows ile ile: LibreOffice, VLC, Firefox. Zoea mwezi mmoja.
3. Tafuta flashi ya giga 8 ao zaidi. Dosye ya Linux Mint inakaribia giga 3: mtu mmoja aipakue kutoka ukurasa wake rasmi, mahali penye mtandao mzuri, kisha wengi wagawane.
4. Washa kompyuta kwa flashi hiyo na ujaribu bila kuweka kitu. Angalia Wi-Fi, sauti na imprimanti.
5. Vikienda, iweke kwenye kompyuta moja tu kwanza, na ukubali kufunga diski. Maneno ya siri wajue watu wawili wa kuaminiwa, si kuyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya machini.