Kodi Ikizidi, Watu Wanahama

Ndugu zetu wa Bwera, wa Kyaka II, wa Rwamwanja, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kila mara: salamu kutoka Kahendero, pembeni ya Ziwa George. Safari hii hatuanzi na vita. Tunaanza na muzigo.

Waliokaa Kampala wanajua. Muzigo ni chumba kimoja cha kupanga: pazia katikati, huku kitanda, huku jiko la makaa, choo mnagawana na majirani. Wenzetu wawili walikuwa na muzigo wao huko. Kodi ilipopanda mara ya kwanza wakavumilia. Ilipopanda mara ya pili wakaanza kula mara moja kwa siku. Mara ya tatu wakafunga magodoro na kupanda basi la Kasese. Kwa Kiswahili chetu mzigo ni kitu cha kubeba, na kweli walifika hapa wakiwa wameubeba kichwani.

Jioni ile tulikaa kando ya mitumbwi, mmoja wetu akawatania: "Sasa safari hii mmekimbia nini?" Wakajibu: "Tumekimbia kodi." Sisi tukacheka. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu hakucheka. Akasema: "Msicheke, wanangu. Baba yangu alivuka Lubiriha kwa sababu ya kodi. Hata mimi nisingezaliwa upande huu."

Hapo ndipo tuliona kwamba jambo hili lina historia, na historia hiyo inatuhusu. Kiswahili hutumia neno lilelile kwa pesa ya serikali na pesa ya mwenye nyumba: yote huitwa kodi. Tulipoanza kusoma na kuwauliza wazee, tulikuta kwamba katika nchi hizi zetu kodi imehamisha watu wengi sana, ila waliohamishwa nayo hawahesabiwi kirahisi.

Tuanze mwaka 1900. Mwaka huo Waingereza walifanya mkataba na Buganda, na mwaka uleule mkataba mwingine na Toro, ambayo ilipewa pia milima hii ya Rwenzori. Katika mkataba wa Buganda kila nyumba ilitakiwa kulipa rupia 3 kwa mwaka, na mwenye bunduki rupia 3 nyingine. Rupia 3 leo zinasikika kidogo, lakini mtu wa wakati ule alikuwa na ndizi, mbuzi na jembe. Rupia hakuwa nayo. Ili aipate ilibidi auze kitu kwa Mzungu, au amuuzie kazi ya mikono yake. Kodi haikuwa ya kujaza sanduku la serikali tu. Ilikuwa njia ya kumtoa mtu nyumbani aende kazini.

Watu walifanya nini? Walihesabu. Kama kodi ni ya nyumba, basi tupunguze nyumba. Ndugu waliokuwa na nyumba tatu wakajibana kwenye moja. Msifikiri huo ni ujanja wa Waafrika peke yao. Uingereza kwenyewe kulikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 mpaka 1851, na watu waliziba madirisha kwa matofali wakakaa gizani. Huku kwetu serikali ilipoona nyumba zinapungua, haikuchukua miaka mingi kuleta kodi ya kichwa. Nyumba unaweza kuibomoa. Kichwa huwezi kukiacha.

Lakini kichwa kina miguu chini yake.

Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana Brussels namna ya kugawana nchi hizi, na mpaka wa Uganda na Congo ukapita katika milima ya Rwenzori na mabonde yake. Wakonzo wakabaki huku, Wanande huko, watu wa lugha moja na undugu mmoja. Upande wa Congo watu walikuwa wametoka katika miaka ya Mfalme Leopold, ambapo kodi ililipwa kwa jasho: mpira, ubebaji mizigo, na fimbo kwa aliyechelewa. Baadaye Wabelgiji wakaweka kodi ya kichwa ya pesa taslimu, ingawa kazi ya lazima haikuisha. Mtu wa mpakani akawa na kitu ambacho mtu wa katikati ya nchi hakuwa nacho: aliweza kulinganisha. Bei ya kahawa iko wapi nzuri? Fimbo iko wapi nyingi? Akiwa na shemeji ng'ambo ya mto, hakuhitaji barua wala pasi. Mstari uliochorwa kuwagawa watu ukageuka mlango wao.

Habari inayojulikana zaidi ni ya Rwanda na Burundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi hizo ziliwekwa chini ya Ubelgiji. Kodi ya pesa, kazi ya lazima ya barabara na mashamba, na viboko vya machifu vilirundikana juu ya mkulima mmoja. Kuanzia miaka ya 1920 watu wakaanza kutembea kwa miguu kwenda Uganda, maelfu kwa maelfu, kulima pamba na kahawa za Waganda. Njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 ikaongeza wengi. Mwaka 1954 mtafiti Audrey Richards na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya watu hawa. Wengi walitafuta pesa ya kurudi kulipa kodi. Wengine hawakurudi kabisa.

Afrika Magharibi ilikuwa hivyohivyo. Watu wa makoloni ya Wafaransa, Côte d'Ivoire na Upper Volta, walivuka kwenda Gold Coast ya Waingereza, ambayo leo ni Ghana. Mwanahistoria wa Nigeria, A. I. Asiwaju, aliandika mwaka 1976 kwamba kuhama kule kulikuwa aina ya uasi. Neno hilo lilitugusa. Tumezoea kufikiri muasi ni yule aliyeshika silaha, na aliyeondoka ni mwoga. Kumbe anayefunga godoro lake usiku naye anasema "hapana", ila anasema kwa miguu.

Sasa turudi Kasese, maana hapa kuna somo la pili. Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya Toro, na kodi yao ilipanda njia kwenda Fort Portal. Malalamiko yao kwa miaka mingi yalikuwa kwamba shule, hospitali na vyeo havikushuka kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1962 wawakilishi wao, Isaya Mukirane akiwa mbele, walitoka kwenye baraza la Toro. Watu wakakataa kulipa kodi kwa Toro, na mlimani ikaanzishwa Rwenzururu. Ugomvi na serikali uliendelea mpaka makubaliano ya mwaka 1982.

Lakini angalieni jambo moja. Serikali ile ya mlimani nayo ilikusanya kodi! Watu walioikataa kodi ya Toro waliilipa ya Rwenzururu, wengine katika umaskini mkubwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mwananchi wa kawaida hapendi kodi na basi. Anachokataa ni kulipa huku na matunda yakaliwe kule. Akiona kodi ni yake, anaweza kuilipa hata akiwa na njaa.

Uganda huru nayo iliendelea na kodi ya kichwa iliyopandishwa kwa ngazi kufuatana na mali ya mtu. Wazee wote hapa wanaikumbuka. Mwanaume mzima alitakiwa atembee na tiketi yake. Watoza kodi walipokuja, wanaume walikimbilia porini na kwenye vinamasi, wakalala na mbu. Waliokamatwa walifungwa kamba mbele ya watoto wao. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2005. Mzee wetu mvuvi anasema mpaka leo akisikia pikipiki ya ofisa asubuhi, mkono unakwenda mfukoni wenyewe kutafuta tiketi.

Na sisi vijana tusijione tofauti. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Tulifanya nini? Tulihama! Wengi walipakua VPN, simu ikaonekana iko Uholanzi au Marekani, huku mwenye simu yuko Kahendero anauza ngege. Mwaka 2021 kodi ile iliondolewa na badala yake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando. Mababu walibana nyumba, sisi tulibana simu.

Tukafika kwenye habari yetu wenyewe, ambayo si ya kuchekesha. Wengi wetu tuliotoka Kivu Kaskazini tunaijua kodi iitwayo "lala salama". Jina zuri sana. Maana yake, ulipe ndipo ulale bila kuvunjiwa mlango. Tunajua jetoni, kile kikaratasi cha mwezi ambacho bila hicho hufiki shambani kwako. Tunajua bariyere: kamba njiani, vijana wenye bunduki, na mama mwenye kikapu cha mihogo anatoa kidogo hapa, kidogo pale, mpaka anafika sokoni na nusu kikapu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walitoa ripoti: vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Wakati mwingine waliokusanya walikuwa waasi, wakati mwingine watu wenye sare za serikali.

Sasa tatizo liko hapa. Mkimbizi akiulizwa ofisini "ulikimbia nini?", akajibu "kodi zilikuwa nyingi, maisha yalikuwa ghali", anaonekana mtu aliyefuata maisha mazuri. Mkataba wa mwaka 1951 unataja kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au mawazo ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unaongeza waliokimbia uvamizi na vurugu zilizovunja amani ya nchi. Kodi haimo. Kwa hiyo wengine wetu tunaificha na kusema "vita" tu, kwa mkato, na ukweli wetu nusu unabaki nje ya faili.

Hatuwaambii watu waongeze chumvi. Tunasema maswali yaulizwe vizuri. Tukipima historia yote hii, tunaona maswali matatu yanatosha. Nani alikuwa anakusanya? Usipolipa ilikuwaje? Ulipolipa ulipata nini? Mpangaji wa Kampala atajibu: mwenye nyumba, nitatolewa, nimepata chumba. Mkulima wa 1920 atajibu: chifu wa Mbelgiji, viboko, sikupata kitu. Mama wa kule kwetu atajibu: watu wenye bunduki, walimchukua mume wangu, nililala siku moja. Wote watatu wamesema "kodi", lakini si kitu kimoja. Ndugu zetu wa mashirika, mkisikia neno hilo msifunge daftari. Ulizeni yale matatu.

Na hata yule wa kwanza, wa muzigo, asidharauliwe. Mkimbizi anayechagua Kampala kwa kawaida hapewi posho ya chakula wala kipande cha shamba. Vitu hivyo viko kambini. Na kambini nako, mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa posho kwa makundi, wengine wakapunguziwa, wengine wakatolewa kabisa. Basi mtu anapimana na kodi huku, njaa kule, na kila baada ya miaka michache anafunga godoro. Anayeondoka hivyo hapigi kelele, hakuna risasi, hakuna gari la msaada linalomngojea stendi.

Kwa walio bado Kampala, mjue jambo moja: kuna sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022. Inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe nje bila amri ya mahakama. Wenzetu wawili hawakuijua. Wangeijua pengine wasingeshinda, lakini wangekuwa na neno la kusema kabla ya kushika miguu.

Sasa wako hapa na sisi. Mmoja anatengeneza simu, mwingine anabeba samaki kutoka mtumbwini asubuhi. Kahendero nako si rahisi: ziwa mbele, hifadhi ya wanyama mgongoni, kila kitu zaidi ya samaki unakinunua. Chumba chao wanalipa kila mwisho wa mwezi. Juzi mwenye chumba alipita kuwasalimia, wakatazamana.

Kabla ya andiko letu lijalo, mpigie simu bibi au babu yako. Usimuulize habari ya vita, hiyo tumeshaisikia. Muulize: nyinyi kodi iliwahi kuwahamisha? Mtoke wapi, mwende wapi? Halafu utuletee jibu, tuliandike.