Salme binti Said

Salme binti Said (30 Agosti 1844 – 29 Februari 1924), anayejulikana pia kwa jina la Emily Ruete, alikuwa binti wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Anakumbukwa kwa nafasi yake katika ugomvi wa kaka zake juu ya kiti cha usultani, kwa ndoa yake na mfanyabiashara Mjerumani, na kwa kitabu cha maisha yake.

Utoto na elimu

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Katika nyumba ya sultani wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Siri hiyo ilipojulikana, alilaumiwa na jamaa zake.

Baba yake alifariki mwaka 1856. Salme, aliyekuwa na miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi pamoja na shamba. Mama yake alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu.

Uasi wa mwaka 1859

Baada ya kifo cha Said, Majid alitawala Zanzibar, lakini ndugu yake Barghash alikitaka kiti hicho. Salme alikuwa amelelewa kwa muda katika nyumba ya Majid, hata hivyo dada yake Khole alimvuta upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa waasi akiwa na umri wa miaka 15 hivi.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Khole na Salme waliingia humo wakifuatana na wanawake wengine, na Barghash akatoka kati yao akiwa amevaa mavazi ya kike. Hata hivyo uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay, Uhindi. Salme alihamia mashambani Kisimbani na Bububu. Baadaye alipatana na Majid, jambo lililowaudhi Barghash na Khole. Hivyo alijikuta amegombana na pande zote mbili za familia kwa nyakati tofauti.

Mapenzi na kutoroka

Aliporudi mjini, Salme alifahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana, na Salme akapata mimba. Mimba ya nje ya ndoa, tena kwa mwanamume asiye Mwislamu, ingeweza kumgharimu maisha. Mnamo Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Ruete alibaki Unguja kumalizia biashara zake kabla ya kumfuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa huko Aden kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alifariki akiwa mchanga.

Maisha ya Ujerumani

Huko Hamburg walipata watoto wengine watatu. Mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane mwenye watoto wadogo ugenini. Mwaka huohuo Majid alifariki na Barghash akawa sultani.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885 pamoja na meli za Kijerumani, wakati Ujerumani ilipokuwa ikimshinikiza Barghash kuhusu maeneo ya bara. Alidai urithi wake, lakini kaka huyo aliyemtumikia kama karani alikataa hata kumwona. Safari ya pili, mwaka 1888, nayo haikufanikiwa. Baadaye aliishi Beirut kwa miaka mingi, na alifariki mjini Jena, Ujerumani.

Maandishi

Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake anaeleza malezi, vyakula, sikukuu, magonjwa na ugomvi wa ndani ya majumba ya sultani, mambo ambayo wageni wa kiume hawakuweza kuyaona. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa Zanzibar wanakitumia sana, ingawa ni maelezo ya upande mmoja na kinautetea utumwa. Ujuzi wa kuandika aliojifunza kwa siri ndio uliomwingiza katika uasi, na ndio uliohifadhi habari za nyumba aliyoikimbia.